Kiti Kipo, Daktari Kaondoka: Uchambuzi wa Kisa cha Kliniki Moja ya Meno Wilayani

Hospitali ya halmashauri ya wilaya, Tanzania Bara. Daktari wa meno mwenye umri wa miaka 28 anaripoti kazini mwezi Oktoba. Miezi 19 baadaye, mwezi Mei, anaandika barua ya kuacha kazi na kurudi Dar es Salaam kwenye kliniki ya mtu binafsi. Kwenye jalada lake sababu imeandikwa kwa maneno matatu: "matatizo ya kifamilia". Wilayani wanasema vijana wa siku hizi hawana uzalendo, na mjini wenzake wanampongeza kwa kuokoka.

Jina la halmashauri hatulitaji kwa kuwa si moja. Kisa tumekifuma kutokana na mambo yanayojirudia katika wilaya nyingi, kwa mpangilio uleule karibu kila mara, hata aliyewahi kufanya kazi huko atadhani anasemwa yeye. Tunachotaka kuonyesha ni kwamba daktari huyu hakukimbia kijiji. Aliondoka miezi mingi baada ya kazi yake kumtoka mikononi, na tarehe ilipomtoka inajulikana.

Alivyofika

Shahada ya udaktari wa meno ni miaka 5, kisha mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo. Masomo hayo yamekuwa yakitolewa Muhimbili tangu mwaka 1979, na hadi leo mwanafunzi wa meno kwa kawaida hukulia kitaaluma Dar es Salaam: wagonjwa wake wa kwanza, walimu wake, maabara inayomtengenezea meno bandia, duka linalomuuzia vifaa, vyote viko huko. Akimaliza hapelekwi popote. Anasubiri tangazo la ajira, anaomba kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, na nafasi za daktari wa meno katika tangazo moja huwa chache kuliko waombaji.

Daktari wetu alisubiri miaka 2. Asubuhi alijitolea katika hospitali ya umma kwa posho ya nauli. Jioni na Jumamosi alipiga lokamu, yaani zamu za muda, kwenye kliniki mbili za watu binafsi, akilipwa kwa mgawo wa kazi aliyoifanya. Huu ndio wakati ambao wapanga sera hawauhesabu. Kijana ambaye angeweza kupelekwa wilayani akiwa na miaka 26, akiwa na begi moja, anafika akiwa na miaka 28, na nyuma yake kuna wagonjwa wanaompigia simu kwa jina, kodi ya nyumba iliyolipwa miezi 6, mwenza mwenye kazi yake, na mikono iliyozoea tiba ya mzizi na kuziba meno ya mbele kwa rangi inayofanana na jino. Serikali ilipokuja kumwajiri ikamkuta mji umeshamwajiri.

Mshahara haukumshtua. Ngazi ya mshahara wa serikali ni ileile, awe Kinondoni au mpakani, na alijua hivyo kabla ya kusaini. Tofauti iko saa 10 jioni: mwenzake aliyebaki jijini anavua koti la hospitali na kwenda kliniki ya pili, wakati yeye wilayani hana kliniki ya pili ya kwenda.

Chumba namba 7

Alichokikuta siku ya kwanza kiandikwe chote, kwa sababu hapa ndipo kisa kinapoamuliwa.

Kiti cha umeme, kizuri, kinapanda na kushuka, na taa yake inawaka. Kompresa moja, mashine ya kusukuma upepo, ya nguvu-farasi 1, imewekwa nje chini ya kibanda cha bati kwa sababu ya kelele, ikivuta vumbi la uwanja mzima. Airota moja, kichwa cha kuchimbia jino kinachozungushwa na upepo huo. Taa ya kukaushia ujazo ipo, ujazo wenyewe umepita muda wake. Mashine ya eksirei ya meno haipo. Otoklevu, mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke, ni ya hospitali nzima, iko chumba cha upasuaji, na wodi ya wazazi ndiyo yenye kipaumbele, kama inavyostahili.

Koleo za kung'olea zilikuwa 9. Ukiziona kwenye trei unaona zinatosha, mpaka uzigeuze moja moja. Gego la juu lina mizizi miwili upande wa shavu na mmoja upande wa kaakaa, kwa hiyo koleo lake lina mdomo mmoja wenye ncha inayoingia kati ya ile mizizi miwili ya nje. Ncha hiyo ikiwa upande usio wake haikamati kitu. Ndiyo maana kuna koleo la kulia na la kushoto. Katika zile 9, mbili zilikuwa za gego la juu kushoto na ya kulia haikuwapo hata moja. Aliyeagiza aliandika "koleo la magego ya juu, 2", na aliyepakia akapakia mbili. Kwa muda wote huo magego ya juu kulia yalikuwa yakitolewa kwa elevata, chuma cha kulegezea jino, na koleo la mizizi, kipande kwa kipande, dakika 40 badala ya 10.

Na alikuwapo tabibu meno, mtu wa stashahada ya miaka 3, aliyekuwa hapo kwa miaka 11. Huyu ndiye aliyekuwa huduma. Daktari alimkuta, na akamwacha.

Kompresa

Mwezi wake wa tatu kazini kompresa ilianza kunguruma bila kuzunguka. Baada ya wiki moja ikatoa harufu ya kuungua na kunyamaza. Bila upepo airota haizunguki, na bila airota hakuna kuchimba jino, hakuna kuziba kwa kawaida, hakuna kufungua mzizi. Siku hiyo, mwezi Januari, daktari wa meno akawa mng'oaji wa meno.

Kwa nini iliungua? Sababu zilikuwa tatu na zote zilionekana mapema. Waya ulitoka chumbani hadi kibandani, mita 30 hivi, na ulikuwa wa milimita 1.5 za mraba. Mota inapoanza huvuta umeme mara kadhaa kuliko inapokuwa inazunguka, na kwenye waya mwembamba wa urefu huo volti zinaanguka palepale inapozihitaji. Mtu yeyote mwenye multimita, kipimo cha umeme, angepima kwenye soketi, akamwambia mwenzake awashe, na kuona 230 ikishuka chini ya 200. Waya wa milimita 4 ungeondoa tatizo hilo peke yake. Pili, vali ya kupunguzia presha ilikuwa imekwama. Kompresa nzima ikizima hutoa kisauti, pssss, upepo uliobaki kwenye bomba ukitoka ili mota ianze safari inayofuata bila mzigo. Kisauti hicho kisiposikika, mota inajaribu kuanza huku imebanwa. Tatu, hakukuwa na stabilaiza, kifaa cha kutuliza volti. Kwa mota ya nguvu-farasi 1 inatakiwa isiyopungua kVA 3, si ile ndogo ya friji ambayo hospitali nyingi huichomeka kwa kuwa ndiyo iliyopo.

Kilichoungua kwanza ni kapasita ya kuanzishia, kitu cha ukubwa wa kopo dogo kinachopatikana kwa fundi mota yeyote mjini. Lakini kifaa cha hospitali hakitengenezwi na fundi yeyote. Fomu ya matengenezo ikajazwa. Fundi sanifu vifaa tiba wa mkoa akafika baada ya wiki 6, kwa kuwa ana hospitali nyingi. Akaandika kwamba kapasita imekwisha na waya za mota nazo zimeanza kuungua, kwa sababu ilijaribiwa kuwashwa mara nyingi ikiwa mbovu. Ikaingia kwenye manunuzi. Mzabuni akapatikana mwezi wa tano, akaleta mota isiyolingana na pampu. Mwaka ukaisha.

Tunasema bila kusita kwamba kompresa hii ndiyo barua ya kuacha kazi, na ile ya Mei ilikuwa nakala. Daktari wa magonjwa ya ndani akipelekwa kituo kisicho na kitu bado ana masikio na mikono yake, anaweza kufikiri na kutibu. Daktari wa meno theluthi mbili ya ujuzi wake iko kwenye ncha ya chuma inayozunguka kwa upepo. Ukikata upepo, miaka yake 6 inafupishwa hadi kazi ambayo tabibu aliye pembeni yake anaifanya vizuri kuliko yeye. Hilo linaumiza, na hakuna anayelisema kwenye kikao.

Hesabu ya siku moja

Wagonjwa wa kung'olewa walikuwa 12 kwa siku, kwa siku 20 za kazi. Tuifuate namba hii, maana bajeti ya kliniki ya meno huandikwa na watu wasiowahi kuipigia hesabu.

Wagonjwa 240 kwa mwezi, kwa wastani wa katriji (kichupa cha dawa kinachoingia kwenye bomba la sindano) 1 na nusu za ganzi kwa kila mmoja, ni katriji 360. Boksi lina 50, kwa hiyo maboksi 8. Sindano fupi na ndefu, maboksi 3 ya 100. Glovu, daktari na msaidizi, jozi 2 kwa mgonjwa, ni glovu 960, maboksi 10. Hospitali ilikuwa ikiagiza maboksi 3 ya katriji "kwa robo mwaka", kwa kuwa ndivyo ilivyoagizwa mwaka juzi, na mwaka juzi ilikuwa hivyo kwa sababu Bohari ya Dawa iliishiwa.

Katriji zikiisha hutumika lignokaini ya chupa, asilimia 2, isiyo na adrenalini, kwa bomba la mililita 5. Inafaa kwa dharura. Tatizo ni kwamba bila adrenalini dawa inachukuliwa haraka na damu: ganzi ya ndani ya jino inaweza kukatika baada ya dakika kama 10, jino likiwa nusu njia, na kidonda kinavuja zaidi. Mtoaji anaongeza dawa, na hapo kikomo kinasogea haraka kuliko anavyodhani. Kwa lignokaini tupu ni miligramu 4.4 kwa kilo. Mtu wa kilo 50 anafika mwisho kwenye 220, ambazo ni mililita 11 tu za asilimia 2. Mgonjwa aliyeng'olewa kwa maumivu anarudi kijijini na kusimulia. Wanaomsikiliza wataendelea kununua amoksilini vidonge 6 duka la dawa, jino litatulia wiki, na siku watakayokuja hospitali uvimbe utakuwa umeshashuka chini ya taya kuelekea shingoni, ulimi umeinuliwa, mate yanatiririka kwa sababu hawezi kumeza. Huyo si mgonjwa wa foleni. Ni wa gari la wagonjwa saa hiyohiyo.

Kuhusu usafi wa vifaa: trei kamili zilikuwa 4. Kuosha, kufunga, kupasha moto otoklevu, dakika 30 kwenye nyuzi 121, na kukausha, jumla ni saa 1 na nusu, ikiwa mashine haina vifurushi vya wodi ya wazazi. Wagonjwa 4 wanamalizika kwa saa 2. Kwa hiyo kila siku kuna pengo, na pengo ndilo linaloleta majaribu ya kuchovya koleo kwenye dawa kwa dakika 5 na kuendelea. Dawa hiyo haiui vijidudu vyote kwa muda huo. Trei 8 zingeondoa pengo lote, na hazihitaji umeme wala fundi.

Bajeti iliyopishana na mtu

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1. Mpango wa afya wa halmashauri huandaliwa kati ya Novemba na Februari. Daktari aliyeripoti Oktoba alipewa siku 3 kuandika mahitaji, akiwa hajajua hata kabati liko wapi. Aliorodhesha vitu 26. Vikaingizwa kama mstari mmoja, "vifaa vya meno", na mstari ukapunguzwa nusu kwenye majumuisho, kwa sababu mstari usio na maelezo ndio rahisi kukatwa. Hakuna aliyemwonea. Mjumbe wa kifua kikuu alileta takwimu, wa chanjo alileta takwimu, wa meno alileta orodha.

Msimu wa pili, Novemba iliyofuata, alijifunza. Aliandika kompresa peke yake, waya peke yake, koleo kwa namba na upande. Akaweka idadi ya wagonjwa waliopewa rufaa kwenda mkoani kwa kujazwa jino, na mapato ambayo hospitali ilikosa kutoka bima ya afya. Hoja ya mapato ndiyo iliyopita: kung'oa kunalipa kidogo, kuziba na tiba ya mzizi vinalipa zaidi, na kiti cha mamilioni kilikuwa kikiingiza fedha ya kung'oa peke yake. Mpango ukapitishwa. Fedha zake zingeanza kutumika Julai. Yeye akaondoka Mei.

Kati ya misimu hiyo miwili aliitwa kwenye timu ya usimamizi ya afya ya halmashauri, ambamo mratibu wa kinywa na meno ni mjumbe. Kwa kijana ni heshima, tena posho ya safari inasaidia. Lakini siku za usimamizi, vikao na kujaza mifumo zilifika 9 kwa mwezi. Akawa daktari wa meno anayekagua friji za chanjo kwenye zahanati.

Kitu kilichofanya kazi

Si kila kitu kilikwama, na sehemu hii haitajwi vya kutosha. Mwezi wake wa nane kazini, akiwa hana upepo, alianza kuziba meno kwa vifaa vya mkono. Njia hiyo ya kuchokonoa uozo kwa vijiko vya chuma bila mashine na kujaza simenti ya glasi-ayonoma ilianzia Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, kisha Shirika la Afya Duniani likaieneza. Inachekesha kidogo kwamba kliniki nyingi za wilaya za nchi ilikozaliwa hazina seti hata moja ya vijiko vyake.

Inavyofanyika: shimo linapanuliwa kwa kifaa chenye makali bapa hadi kijiko kiingie, uozo laini unakwanguliwa kwanza kwenye kuta, mwisho chini, shimo linasuguliwa kwa kimiminika cha kuandalia sekunde 10 hadi 15, linaoshwa, linakaushwa kwa pamba. Unga na maji ya simenti vinachanganywa kwa vipimo vya kiwandani, kwa kawaida kijiko 1 kwa tone 1, ndani ya nusu dakika. Kwenye chumba cha nyuzi 32 simenti hukimbia, hivyo kioo cha kuchanganyia kipozwe na kukaushwa kwanza. Ikipoteza mng'aro itupwe, kwa kuwa haitashika. Inabanwa kwa kidole chenye glovu iliyopakwa vaselini, na mgonjwa asile kwa saa 1. Inafaa kwa shimo la upande mmoja wa jino. Kwenye shimo linalokula pande mbili ujazo haudumu hivyo. Mwaka 2021 simenti hii, pamoja na floridi ya madini ya fedha inayosimamisha uozo, iliingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na hiyo ni hoja ya kupeleka kwenye kikao cha bajeti.

Alifundishana na tabibu, wakaibeba kwenye huduma ya mkoba shuleni. Huko ndiko alikozungumza pia na kina mama kuhusu "meno ya plastiki", ile imani inayofanya fizi za mtoto mwenye homa au kuharisha zichokolewe na chonge changa kutolewa. Kwa miezi 4 alikuwa na kazi aliyoiamini. Kisha simenti ikaisha, mstari wa bajeti ukiwa nusu.

Tunavyolisoma

Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2010 na 2021 kuhusu watumishi wa vijijini inataja mengi: kuchukua wanafunzi waliokulia vijijini, kufundishia huko, kuwawekea nyumba na njia ya kupanda kitaaluma. Yote ni kweli. Kwa daktari wa meno tungetanguliza jambo moja: asipangiwe kituo kabla chumba hakijakaguliwa kwa karatasi moja, mtu akiwa ameshika multimita na akigeuza kila koleo. Kompresa ianze mara 10 mfululizo. Katriji ziwepo za miezi 3. Kukiwa na upungufu, apelekwe kwanza tabibu meno mwenye koleo kamili na seti ya vijiko, na nafasi ya daktari iende wilaya ya jirani iliyo tayari. Wapo watakaosema huko ni kuwanyima wanavijiji daktari. Walimpata kwa miezi 19, na kwa miezi 16 kati ya hiyo, ukitoa ile 4 ya kuziba kwa mkono, walipata kile tabibu alichokuwa akiwapa.

Tarehe ya kuripoti nayo ina uzito. Anayeripoti Julai au Agosti anapata miezi 3 ya kukijua chumba kabla ya msimu wa mipango. Anayeripoti Oktoba anaandika gizani, na fedha atakazozipigania kwa akili zitamkuta mwezi wa 21. Wachache huvumilia hadi hapo.

Na siku za usimamizi zisizidi 4 kwa mwezi katika mwaka wa kwanza.

Kompresa mpya ilifika Agosti, mwezi wa tatu baada ya yeye kuondoka. Imefungwa ndani ya stoo yenye tundu la hewa, kwa waya wa milimita 4. Tabibu meno huifungua vali ya chini ya tangi kila jioni kumwaga maji, huitia airota matone mawili ya mafuta kabla ya otoklevu, na siku za Jumanne na Alhamisi anaziba meno mepesi. Nafasi ya daktari imeombewa kibali. Kwenye daftari la makabidhiano, ukurasa wa mwisho, kwa mwandiko wa aliyeondoka, bado kuna mstari ambao haujawekwa tiki: koleo la gego la juu kulia, 2.